Kukumbuka Nako Ni Kujifunza

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Mwandoya, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu

Wengi wenu mmeacha mashamba na mifugo ili mje kusikiliza habari za ubongo. Nami sitaki mtu aondoke hapa bila jambo la kwenda kulifanya nyumbani au darasani.

Naanza na lalamiko ambalo kila mwalimu analijua. Leo darasa zima limeelewa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mikono imenyooshwa, majibu ni sahihi, mwalimu ametoka na moyo mweupe. Baada ya wiki anauliza swali lilelile na darasa limekaa kimya. Mwalimu anasema watoto hawa ni wavivu. Mzazi anasema mwanangu ana kichwa kizito. Mtoto mwenyewe, na hili ndilo linaloniuma zaidi, anaanza kuamini kwamba hana akili. Hukumu hizo zote tatu si za haki. Kilichotokea ni kawaida ya ubongo wenye afya, na njia ya kukabiliana nacho inajulikana.

Hoja yangu leo ni moja. Tumezoea kudhani kwamba mtu hujifunza kwanza na kukumbuka baadaye, kwamba darasani tunaingiza na kwenye mtihani tunatoa. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Kila mara tunapokumbuka jambo kwa juhudi yetu wenyewe, ubongo hulijenga upya na kulitia nguvu. Kwa hiyo mwalimu aliyefundisha vizuri, lakini hakuwapa watoto nafasi ya kukumbuka, amefanya nusu ya kazi.

Funzo la Henry Molaison

Mwaka 1953, mjini Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alifanyiwa upasuaji. Alikuwa akisumbuliwa na kifafa kikali kilichomzuia hata kufanya kazi. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo wake, kulia na kushoto, usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Alikula chakula na baada ya muda mfupi hakujua kama amekula. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfuata kutoka Montreal, Kanada, akamchunguza kwa miaka mingi, na kila alipoingia Henry alimpokea kama mgeni.

Na bado Henry hakuwa amepoteza akili. Alizungumza vizuri, aliukumbuka utoto wake, na ukimtajia tarakimu chache aliweza kuzishika maadamu hukumkatiza. Kisha Milner akampa kazi ya ajabu: achore nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu kioo hugeuza mwelekeo. Henry aliifanya kwa siku tatu, na kila siku mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko jana. Hata hivyo kila siku aliamini kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona kazi ile. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82, na sayansi ya kumbukumbu inadaiwa naye shukrani kubwa kuliko na mtu mwingine yeyote.

Kwake tulijifunza mambo matatu. Kwanza, hipokampasi ni mlango wa kumbukumbu mpya za mambo tunayoweza kuyaeleza. Pili, kumbukumbu za zamani hazikai mlangoni. Baada ya muda hutegemea zaidi gamba la ubongo, na ndiyo maana utoto wake ulibaki. Tatu, kumbukumbu si ya aina moja. Mkono hujifunza kwa njia yake, na mdomo unaoeleza hujifunza kwa njia nyingine. Kijana anayejua kulima kwa plau hakujifunza kwa kusikia maelezo. Alishika plau akaenda nyuma ya ng'ombe. Vivyo hivyo, mwanafunzi atakayetakiwa kueleza kwa maneno yake lazima afanye mazoezi ya kueleza kwa maneno yake. Kusikiliza mwalimu akieleza ni mazoezi ya mwalimu.

Kinachobadilika kichwani

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila moja huwasiliana na nyingine kwa maelfu, kupitia viungio vidogo sana viitwavyo sinapsi. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alipendekeza kwamba seli mbili zinapofanya kazi pamoja mara kwa mara, kiungio kati yao huimarika. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha ushahidi kutoka maabara ya Oslo, Norway. Waliposisimua kwa kasi njia inayoingia kwenye hipokampasi ya sungura, sinapsi za njia ile zilibaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi baadaye.

Aliyetupeleka mbali zaidi ni Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani akiwa mtoto mwaka 1939. Alimchagua konokono wa baharini asiye na gamba la nje, aitwaye Aplysia, kwa sababu ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, na nyingine ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kandel na wenzake waligundua kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubadilisha nguvu ya sinapsi zilizopo tu. Kumbukumbu ya muda mrefu hudai zaidi ya hapo: seli huamsha jeni zake, hutengeneza protini mpya, na sinapsi mpya huota. Kwa kazi hii alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Wazazi wangu, tafakarini maana yake. Mtoto aliyejifunza jambo likakaa si yule yule wa jana. Mwili wake umejenga kitu. Na ujenzi una muda wake. Mwaka 1972 Thomas Carew, Harold Pinsker na Kandel walimzoesha konokono yule wa baharini asishtuke anapoguswa. Walimpa mazoezi 10 kwa siku, siku 4, na mazoea yakadumu wiki 3 na zaidi. Idadi ileile ya mazoezi ilipofanywa yote kwa siku moja, matokeo hayakudumu vivyo hivyo. Hata kiumbe asiye na shule hujifunza vyema akiachiwa nafasi katikati.

Mkulima wa pamba analijua jambo hili bila maabara. Huwezi kupalilia shamba mara tatu kwa siku moja ukasema palizi za msimu zimekwisha. Unapalilia, unaacha, magugu yakianza kurudi unaingia tena. Palizi ya pili ina maana kwa sababu muda umepita. Somo nalo linatakiwa kurudiwa pale usahaulifu unapoanza kuingia. Kurudia jambo ambalo bado liko mdomoni ni kupoteza nguvu.

Kusahau na kukumbuka

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Zaidi ya nusu ya juhudi yake ilikuwa imepotea baada ya saa moja, na karibu theluthi mbili baada ya siku moja. Kisha kasi ya kusahau ikapungua: kilichobaki baada ya siku moja kilipotea polepole. Darasani mambo yenye maana hushika zaidi ya silabi zile, lakini umbo la upotevu ni lilelile. Kwa hiyo siku ya kwanza baada ya somo ni siku ya thamani kubwa.

Ufanye nini siku hiyo? Wanafunzi wengi hufungua daftari wakasoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40. Waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na asilimia 61.

Ninyi wanafunzi, liwekeni hili moyoni. Kusoma tena hukupa hisia kwamba unajua, kwa sababu maneno yako mbele ya macho. Kufunga daftari na kujiuliza hukupa taabu, na taabu hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza. Unapohangaika kulitafuta jibu, unaiimarisha njia ambayo siku ya mtihani utatakiwa kuipita peke yako.

Lipo onyo pia. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake mjini New York walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu inapoitwa huwa laini kwa muda na hulazimika kuimarishwa upya. Protini mpya zikizuiliwa wakati huo, kumbukumbu huharibika. Kukumbuka, basi, kunafungua jambo lililokuwa limefungwa. Mtoto akikumbuka kosa na asirekebishwe, anaweza kuliimarisha kosa. Zoezi lisilosahihishwa lina hatari yake, na daftari lililorudishwa baada ya mwezi limekosa wakati wake.

Wazee wetu walikuwa na shule ya kukumbuka. Mtoto aliyeambiwa "Kitendawili!" akajibu "Tega!" alikuwa anaingia katika jaribio lisilo na kitabu, mbele ya wenzake, jioni baada ya jioni. Mchungaji wa Kisukuma anayewatofautisha ng'ombe wake kwa rangi, pembe na ukoo wao anajaribiwa kila jioni zizini. Waimbaji wa Bagika na Bagalu hushindana kwa nyimbo zilizo kichwani. Huko pwani na Zanzibar, mwanafunzi wa madrasa anayehifadhi Kurani humsomea mwalimu wake bila kuangalia, husahihishwa palepale, na hurudia sura alizohifadhi zamani huku akiendelea na mpya. Hivyo ndivyo juzuu 30 zinavyokaa kichwani kwa maisha. Nasema haya ili tujue kwamba mbinu ninazozitetea hazikuja kwetu kama wageni.

Kambi za kitaaluma

Mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, ulipata sifa nchini kwa kambi za kitaaluma wakati wa aliyekuwa mkuu wa mkoa, Anthony Mtaka. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, walimu wa shule mbalimbali wakagawana mada kwa ubingwa wao, na wazazi na wadau wakachangia. Nina heshima kubwa kwa juhudi ile. Mtoto anayetembea kilomita nyingi kwenda shule na kurudi nyumbani kwenye giza alipata chakula, taa na mwalimu wa karibu. Alipata pia mitihani ya majaribio ya mara kwa mara, nayo ni mazoezi ya kukumbuka.

Lakini kwa yale tuliyoyasikia, tuseme wazi kambi inaweza nini na haiwezi nini. Inaweza kuimarisha kilichokwisha kujengwa. Haiwezi kujenga miaka minne ndani ya wiki chache, kwa sababu protini na sinapsi hazifuati ratiba ya Baraza la Mitihani. Mambo yaliyosongwa pamoja hufaulisha mtihani wa kesho kisha hupotea, na kijana huingia kidato cha tano au chuo akiwa na cheti kizito na msingi mwepesi. Ninachopendekeza ni roho ya kambi isambazwe mwaka mzima: siku moja ya marudio kila mwezi, kuanzia kidato cha kwanza, na kuanzia darasa la tatu kwa shule za msingi. Saa ni zilezile. Zikipangwa kwa nafasi zitazaa zaidi.

Wala kambi isigeuke mahali pa kukesha. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi za panya aliyetembea mchana hurudia mpangilio uleule wa kazi anapolala. Usingizi ni sehemu ya somo. Kijana anayepiga msuli usiku kucha anaunyima ubongo saa za kuhifadhi alichosoma.

Lugha ya somo

Mtoto wa Mwandoya huanza maisha kwa Kisukuma, huingia darasa la kwanza kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Hili ni suala la kumbukumbu pia. Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu mno. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba hubeba vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayepambana na maneno matatu mageni katika sentensi moja hana nafasi iliyobaki ya wazo lenyewe. Tena ubongo huhifadhi jipya kwa kulifunga kwenye la zamani. Kijana alijifunza usanisinuru shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari anakutana nao kwa jina la Kiingereza na hatambui kwamba ni jambo lilelile. Anaanza sifuri, ilhali hakuwa sifuri.

Mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kuliepusha hili kwa dakika tano. Kabla ya kufungua mada, awaombe wanafunzi waseme kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma, kile wanachokijua kuhusu jambo hilo. Kisha awape maneno ya Kiingereza juu ya msingi huo.

Mwili na woga

Ubongo ni nyama na damu. Huko Kampala, Uganda, watafiti waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo waligundua kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa uwezo wa kiakili miaka miwili baadaye. Kisiwani Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba madini ya chuma yalisaidia ukuaji wa lugha kwa watoto wadogo. Na hapa Tanzania, utafiti mmoja ulikadiria kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge vya mafuta yenye iodini wakati wa ujauzito, katika mpango ulioanza mwaka 1986, walisoma shule muda mrefu kuliko wenzao, hasa wasichana. Chandarua, mboga za majani, chumvi yenye madini joto na kliniki ya mama mjamzito ni mambo ya elimu sawasawa na madawati.

Woga nao unaingia hapa. Utafiti wa Dominique de Quervain na wenzake, mwaka 1998 kwa panya na mwaka 2000 kwa watu, ulionyesha kwamba homoni za msongo huzuia kuitwa kwa kumbukumbu iliyokwisha kuhifadhiwa. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya kiboko anaweza kuwa analijua jibu na asilipate. Atakachokikumbuka siku ile ni kiboko. Nawasihi walimu wenzangu: tukitaka kukumbuka kuwe zoezi la kila siku, lazima kukosea kuwe salama.

Na tusiwahukumu watoto kwa jaribio moja. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, watoto walipanda, na alama za kwanza zilitabiri kidogo tu nani angekuwa wapi baada ya kufundishwa. Alama ya kwanza ilionyesha mtoto alipofika. Haikuonyesha anapoweza kufika.

Tuanze hivi

Walimu, kila kipindi kianze kwa maswali matano, madaftari yakiwa yamefungwa: mawili ya somo lililopita, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtoto aandike, si yule mmoja aliyenyoosha mkono. Toeni majibu palepale. Msiweke alama, haya ni mazoezi.

Wanafunzi, mkitoka darasani andikeni kwenye karatasi tupu kila mnachokikumbuka, kisha fungueni daftari mjaze mapengo. Rudieni kesho, rudieni baada ya wiki, rudieni baada ya mwezi. Ulizaneni maswali njiani mnaporudi nyumbani. Na mlale.

Viongozi, gawanyeni fedha na saa za marudio katika mwaka wote, na chakula cha shuleni kisikatike miezi ya njaa.

Wazazi, nimewaachia neno la mwisho kwa sababu wengi wenu huniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto?" Kazi niliyoieleza leo haihitaji mzazi ajue kusoma. Jioni, mkiwa mnakamua au mnapika, mwambie mtoto: nieleze ulichofundishwa leo. Akuelezee kwa Kisukuma, bila daftari. Asipoeleweka, mwulize tena. Jumamosi mwulize la Jumatano. Huhitaji kulijua jibu. Wewe unatakiwa kuuliza na kusikiliza kwa upendo, na yeye anatakiwa kutafuta kichwani mwake. Katika kutafuta huko ndiko somo linakokomaa. Kazi hii haina ada wala mchango, na kila nyumba ya Mwandoya inaiweza kuanzia leo jioni.